Jinsi ya kuipima Linux nyepesi kwenye laptopu ya zamani kabla hujafuta kila kitu

Tangu Windows 10 iishiwe muda wake tarehe 14 Oktoba 2025 haipiti wiki sijaletewa laptopu ya zamani, mtu anakwambia niwekee hiyo Linux nyepesi (mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows) naisikia inasifiwa, maana Windows 11 haiingii, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu, mashine za 2010 na 2012 haizitaki kabisa. Na swali ni lile lile kila siku, ipi ndo nyepesi kuliko zote? Mi naomba tuliache hilo swali. Ukiingia mtandaoni utaona picha za skrini mtu anaonyesha distro yake (aina yake ya Linux) imewaka na inatumia RAM MB 200 tu, unavutiwa, unafuta Windows, unaweka, alafu unafungua brauza na kurasa tano unakuta mashine imeganda vile vile kama jana. Hakuna mtu anayefanya kazi na desktopu tupu. Kinachokula RAM siku hizi ni brauza, mfumo wenyewe ni kidogo tu, kwa hiyo kama unataka kujua mfumo unakufaa au haukufai inabidi uupime ukiwa umebeba kazi yako, kwenye mashine yako, na printa yako na modemu yako.

Nitaeleza kwa mfano wa laptopu ya shemeji yangu mwenye steshenari huku Mbagala, Dar es Salaam. Mashine ya mwaka 2010, Core i5 ya kizazi cha kwanza, RAM GB 2 za DDR3, na diski GB 250 ile ya kuzunguka. Kazi zake ni kuchapa mitihani ya shule za msingi, kuprinti, kuskani vyeti, kujaza maombi ya kazi kwenye Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali) na fomu za mkopo wa wanafunzi za HESLB msimu ukifika. Basi. Ukishaandika kazi zako kwenye karatasi namna hiyo tayari una kipimo mkononi, na naomba usiiruke hii hatua hata kama unaona ya kitoto, andika kabisa.

Kwanza ijue mashine

Kabla ya kushusha chochote angalia vitu vinne. Prosesa ni ya biti 64 au 32, RAM ngapi na ina nafasi ngapi za kuongezea, diski ni nzima au inakufa, na kadi ya waifai ni ya nani.

Hilo la biti ndo linafunga au kufungua mlango. Core 2 Duo zote na i3, i5, i7 zote ni 64, huna shida. Zile laptopu ndogo za Atom N270 ni 32 tu, na hapo dunia imeshakuwa finyu: distro ya Ubuntu na ndugu zake waliachana na 32 toka 2019, Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha 32, Google Chrome kwa Linux ya 32 ilikufa 2016, na Firefox nao toleo la 144 ndo la mwisho la kawaida kwa Linux ya 32. Sasa mtu akikwambia hiyo N270 itafufuka na kuwa kama mpya anakudanganya. Inaweza kuwa mashine ya kuchapia na kusikilizia nyimbo, sio ya kuingilia mtandao kila siku kwa miaka mitatu ijayo. Kama hujui yako ni ipi, ukishawasha Linux yoyote kwenye flashi fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) andika lscpu, mstari unaotaja op-mode utakuonyesha kama 64 ipo.

Diski pia. Nimeona watu wanahangaika kubadilisha distro nne kwa mwezi kumbe diski ndo imechoka. Weka programu ya smartmontools alafu andika sudo smartctl -a /dev/sda, tafuta mistari miwili, Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, namba za mwisho kulia zikiwa sifuri shukuru Mungu, zikiwa makumi au mamia usipime mfumo wowote juu ya hiyo diski, utakuwa unaupa lawama za bure, toa data zako kwanza.

Chagua tatu tu

Usishushe kumi. Bando ni hela, na ISO (faili la kuwekea mfumo) moja ya Linux Mint Xfce ni karibu GB 3. Mi nachukua tatu zenye tabia tofauti ili ulinganisho uwe na maana: moja nyepesi ya kawaida ambayo mtu aliyezoea Windows hatapotea, hapo naweka Linux Mint ya Xfce, moja ya kati, Lubuntu yenye LXQt, na moja nyembamba kabisa, antiX yenye IceWM (Xfce, LXQt na IceWM ni majina ya desktopu zake). Puppy ni nzuri pia, ISO yake iko chini ya GB moja na inajipakia yote kwenye RAM, ila ilivyo inakufanya utumie mashine kama mkuu wa mfumo (root) muda wote, yaani yeyote anayeigusa anaweza kufuta chochote, kwa mashine ya duka inayoguswa na watu watatu mimi siiweki, ila kwa kuokolea mafaili kwenye mashine iliyokufa natembea nayo kwenye mfuko kila siku.

Kitu ambacho wengi hawaangalii wakati wa kuchagua ni tarehe ya mwisho wa apdeti. Mint 22 inahudumiwa hadi 2029. Lubuntu 24.04 hadi Aprili 2027, sio miaka mitano kama Ubuntu yenyewe, hapo watu wanachanganya sana. antiX 23 imekaa juu ya Debian 12 ambayo huduma yake ya muda mrefu inaisha Juni 2028. Kama mashine unamwekea mtu ambaye hatakuja kubadilisha toleo mwenyewe, na wewe unakaa mbali naye, hii tarehe ina uzito kuliko MB 100 za RAM.

Ukishashusha hakiki faili, mtandao wetu unakatika katika na ISO mbovu inaleta makosa ya ajabu ambayo utadhani ni mashine. Kwenye Windows fungua cmd andika certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256, linganisha na ile namba ndefu iliyoko kwenye tovuti ya distro, herufi kwa herufi. Kisha weka programu ya Ventoy kwenye flashi ya GB 16, unakopi ISO zote tatu humo humo kama unavyokopi nyimbo, ukiwasha inakuletea menyu unachagua, flashi moja inatosha. Kumbuka tu Ventoy inafuta kilichokuwa kwenye flashi siku unaiweka.

Kwenye flashi unapima vifaa, hupimi mwendo

Hapa ndo watu wengi wanahukumu vibaya. Wanawasha kutoka kwenye flashi, wanaona nzito, wanasema hii haifai. Mashine ya 2010 poti zake ni USB 2.0, kila programu unayofungua inasomwa kutoka kwenye flashi kwa mwendo wa kobe, na mafaili yote ya muda yanakaa kwenye RAM hiyo hiyo ya GB 2. Hapo hata mfumo mzuri utaonekana mbovu. Kwa hiyo ukiwa kwenye flashi jiulize kitu kimoja tu, je vifaa vyote vinafanya kazi?

Pita kimoja kimoja bila haraka. Sauti, spika na tundu la hedifoni. Vitufe vya kupunguza mwanga wa skrini. Kamera. Funga kifuniko, subiri dakika tano, fungua, inaamka au skrini inabaki nyeusi? Hilo la kuamka ndo linasumbua mashine nyingi za zamani na hakuna anayelijaribu mpaka siku kashapoteza kazi. Waifai: kama ni kadi ya Intel mara nyingi inashika yenyewe, kama ni Broadcom tegemea kuhangaika, driva yake mara nyingi haiji na ISO na inabidi ishushwe, sasa unashushaje bila mtandao? Chomeka simu kwa waya, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, Linux inaiona kama waya wa mtandao bila kuweka kitu chochote, ukishapata mtandao fungua kile kisehemu cha driva za ziada. Hii mbinu ya simu imeniokoa mara nyingi sana. Modemu za USB za mitandao ya simu nazo zijaribu hapo hapo, nyingi zinashika, ila kuna zile zinazojitambulisha kwanza kama CD na inabidi usubiri kama nusu dakika zigeuke, usizichomoe haraka.

Alafu printa. Kwa mtu wa steshenari printa ndo maisha. Kuna printa ndogo za leza, mfano HP LaserJet P1102, ambazo haziprinti mpaka uweke driva za HP ziitwazo HPLIP na kipande kingine cha programu kinachoshushwa pembeni, ukiwa hujui hilo utaona printa inaonekana kwenye orodha lakini karatasi haitoki. Canon LBP2900 nayo inataka driva yake ya CAPT ambayo kuiweka kwenye Linux ni kazi kweli kweli, kama kipato chako kinategemea hiyo printa jaribu mpaka karatasi itoke ndo uendelee, isipotoka simama hapo hapo.

Kuna siku kwenye hatua hii nilipoteza saa nzima. Waifai imeshika, brauza inafunguka, lakini kila tovuti inakataa, inasema muunganisho sio salama, nikabadilisha distro, ile ile, nikabadilisha mtandao, ile ile. Nikaja kutupa jicho pembeni chini ya skrini, saa inasoma Januari 2010. Betri ndogo ya kwenye bodi, ile CR2032 kama sarafu, ilishakufa miaka mingi, kila umeme ukiondoka mashine inarudi tarehe ya kuzaliwa, na vyeti vya usalama vya tovuti vikilinganishwa na 2010 vinaonekana bado havijaanza kutumika. Toka siku hiyo kitu cha kwanza ninachoangalia ni saa. Betri yenyewe unaipata hata duka la saa, kwenye laptopu nyingine imevalishwa kimfuko cheusi chenye waya mbili, angalia kabla hujanunua.

Weka kwenye diski, sasa pima mwendo

Kupima kwa haki lazima mfumo ukae kwenye diski. Usifute ya zamani. Mi natoa diski ya mteja naiweka pembeni, nachomeka nyingine ya majaribio, skurubu mbili tu kwenye laptopu za biashara za miaka ile, na kama huna diski nyingine tenga sehemu ya GB 25 kwenye hiyo hiyo, ila kopi data nje kwanza. Usiseme diski nitagawanya taratibu haitaharibika, umeme ukikatika katikati na betri ya laptopu haishiki chaji utalia.

Kisha fanya vipimo hivi kwenye kila distro, kwa mpangilio ule ule. Washa mashine, hesabu kwa saa ya simu toka ubonyeze kitufe mpaka brauza ifunguke na ukurasa wa kwanza uonekane wote. Sio mpaka desktopu ionekane, desktopu inaweza kuonekana mapema na bado mashine inasaga nyuma yake. Kuna amri ya systemd-analyze inatoa sekunde za kuwaka lakini antiX haitumii systemd (programu inayoanzisha mfumo) kwa hiyo huwezi kulinganisha nayo, saa ya simu ndo haki kwa wote.

Baada ya hapo fungua kazi halisi. Kwa shemeji ilikuwa Firefox na kurasa nne, moja ya Ajira Portal, baruapepe, WhatsApp ya kwenye brauza maana wateja wanatuma mafaili kwa WhatsApp, na utafutaji, juu yake LibreOffice na mtihani wa kurasa sita wenye picha. Vyote vikiwa wazi andika free -h. Usiangalie safu ya free, hiyo inatisha watu bure, Linux inatumia RAM iliyobaki kutunza mafaili na kuirudisha ikihitajika, angalia available. Alafu andika vmstat 1 iache itembee huku unahama kutoka dirisha moja kwenda jingine, tazama safu za si na so, hizo ni data zinazoingia na kutoka kwenye swapu, ile sehemu ya diski inayotumika RAM ikijaa. Zikiwa sifuri sifuri au zinaruka mara moja moja mashine ina pumzi. Zikiwa na namba kubwa kila sekunde na taa ya diski haizimi, RAM haitoshi kwa hiyo kazi na hakuna distro itakayokuokoa.

Kwa ile laptopu matokeo yalikuwa hivi. Bila kufungua kitu, Mint Xfce ilikaa kama MB 750, Lubuntu kama 500, antiX kama 250. Tofauti kubwa, sivyo? Sasa nikafungua kazi zote. Zote tatu zikaenda kwenye swapu. antiX ilichelewa kwenda, na ilivumilika zaidi, lakini ukurasa wa tatu na wa nne ulipofunguka taa ya diski ikawaka moja kwa moja kama kwa wenzake. Brauza peke yake ilikuwa imeshachukua zaidi ya GB moja na nusu.

Nikaongeza RAM ya DDR3 iliyotumika, mashine ikawa na GB 4, nikarudia vipimo vile vile. Zote tatu zikapumua. Kwa hiyo mfumo haukuwa tatizo, na kama ningemwekea antiX siku ya kwanza nikaondoka nikajisifu ningekuwa nimemuachia shida ile ile kwenye nguo mpya. Ukiwa na hela ya kitu kimoja na RAM ni GB 2, nunua RAM kwanza, ukifika GB 4 ndo ufikirie SSD (diski isiyozunguka), na hiyo SSD ndo utaona kama umenunua mashine nyingine. Kama huna hela ya chochote weka zram-tools, inabana data ndani ya RAM badala ya kuikimbizia kwenye diski, kwenye GB 2 nafuu yake unaiona kwa macho.

Video: prosesa za miaka ile haziwezi kufungua VP9 (namna mojawapo ya kubana video) kwa msaada wa kadi ya picha, YouTube ikileta VP9 feni inapiga kelele na picha inakata. Weka kile kiongezi cha h264ify kwenye brauza, kinaifanya YouTube ilete H.264 badala ya VP9, chagua 480p, songa mbele.

Mpe mtumiaji halisi, wewe kaa kimya

Hiki kipimo naona ndo kikubwa kuliko vyote na hakina namba. Mwite anayeitumia mashine kila siku, mpe kazi, usimwelekeze. Nilimwita binti anayekaa dukani, nikamwambia mama mmoja katuma mtihani kwa WhatsApp, uprinti nakala mbili. Kwenye antiX alikwama kutafuta faili lilikoshukia, akafunga dirisha, alama ya waifai hakuiona, akasema "kaka hii imeharibika." Kwenye Mint akafanya mpaka mwisho bila kuuliza, dakika tatu. Shemeji alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote, akasema hiyo hiyo ya pili.

Ila ule mtihani ulivyotoka printa ulikuwa kurasa saba badala ya sita. Swali la 50 limehamia karatasi mpya peke yake. Kwa mtu binafsi ni kitu kidogo, kwa mtu anayeprinti nakala 120 ni karatasi 120 za bure na mwalimu mkuu halipi hiyo hasara. Shida ilikuwa fonti: faili liliandikwa kwa Calibri, mashine haina Calibri, LibreOffice ikachukua nyingine yenye herufi pana. Dawa ni sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea, Carlito ina vipimo sawa sawa na Calibri na Caladea sawa na Cambria, nikafungua tena faili likarudi kurasa sita. Kwa hiyo wakati wa kupima chukua mafaili matano halisi ya zamani, yafungue, hesabu kurasa, linganisha na yalivyokuwa. Usitumie faili ulilotengeneza wewe jana.

Mwache atumie wiki nzima. Mwambie aandike kwenye daftari kila kinachomkera, hata kiwe kidogo, na ile diski ya zamani iweke kwenye bahasha ndani ya droo isiguswe mpaka wiki mbili zipite bila mtu kuiulizia. Shemeji aliiulizia mara moja tu, siku ya nne, kulikuwa na vocha za mwaka jana alizosahau kukopi, nikaichomeka kwa waya wa USB tukazitoa dakika mbili.

antiX sikuitupa. Ipo kwenye laptopu ndogo ya N270 yenye GB 1, watoto wanajifunzia kuchapa, bila mtandao, na pale inatembea vizuri kabisa.

Mwisho bandika stika chini ya laptopu, andika jina la mfumo na toleo, mwaka apdeti zinapoisha, na kitufe cha kuingilia menyu ya kuwasha kwa hiyo mashine, F12 au F9 au Esc. Ya shemeji inasomeka Mint 22 Xfce, 2029, F12.